Je, ni lazima ujue kuandika herufi za Kichina ndipo uweze kuzisoma?

Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Taasisi ya Confucius, kituo cha kufundishia Kichina, mwaka 2005, Dar es Salaam na Dodoma zikafuata mwaka 2013, na tangu hapo wanaojifunza Kichina kwetu wameongezeka sana. Imeongezeka pia imani moja inayowavunja moyo wengi wao: kwamba herufi usiyoweza kuiandika kwa mkono bila kuchungulia, basi huijui. Watu wenye bidii wanajaza kurasa kwa kurasa kwa herufi moja, wanachoka, wanaacha kabla hawajasoma hata hadithi fupi. Inaniuma, maana imani yenyewe si ya kweli.

Dhana: Asiyeweza kuiandika herufi hawezi kuisoma

Wachina wenyewe wanasoma herufi nyingi kuliko wanazoweza kuandika. Mwaka 2013 televisheni ya taifa, CCTV, ilirusha mashindano ya imla ya herufi, na watu wazima wengi walishindwa kuandika 癞蛤蟆, jina la aina ya chura, ingawa wangeliona kitabuni wangelisoma bila kusita. Hali hiyo ya kushika kalamu na herufi ikakutoroka wanaiita tibi wangzi, na kila mtu kule anaijua.

Hata mtaala wa shule za China wa mwaka 2011 haukudai yote mawili kwa kipimo kimoja. Mtoto akimaliza darasa la pili alitakiwa atambue herufi kama 1,600, lakini aweze kuandika kama 800 tu. Japani nako, orodha rasmi ya kanji, yaani herufi za Kichina zinazotumika katika Kijapani, ilipopanuliwa mwaka 2010 na kufikia 2,136, iliingizwa herufi 鬱, yenye mistari 29, kwa maelezo kwamba si kila herufi ya orodha lazima watu waweze kuiandika kwa mkono. Na mtu aliyesomea Beijing, akikutana na herufi za jadi, zile za umbo la zamani ambalo halijarahisishwa, kwenye filamu ya Hong Kong, kwa kawaida anazifuata, japo hakuna mwalimu aliyemfundisha kuziandika.

Sababu ni kwamba kusoma ni kutambua. Jicho linahitaji dalili za kutosha tu, na sentensi nzima inalisaidia. Kuandika ni kukumbuka kila mstari na mahali pake bila kudokezwa na chochote. Pwani tunalijua jambo hili vizuri: wapo wengi wanaosoma Kurani kwa ufasaha, lakini ukiwaambia waandike aya kwa mkono bila kuangalia msahafu, wanakwama.

Ushahidi wa hospitali upo pia. Mwaka 2009 Bi Yanchao na wenzake walieleza habari za mgonjwa aliyeumia ubongo, akapoteza uwezo wa kuandika herufi, huku uwezo wake wa kusoma ukibaki.

Dhana: Basi kuandika kwa mkono ni kupoteza muda, simu ipo

Hapa ndipo wengi wanapotoka kosa moja na kuingia jingine. Kwamba kuandika si sharti la kusoma haina maana kwamba hakusaidii.

Angalia herufi hizi tatu: 己, 已, 巳. Ya kwanza ni "nafsi", ya pili "tayari", ya tatu hutumika katika hesabu ya kale ya miaka na saa. Tofauti ni mstari wa mwisho tu: umeanzia chini, umepanda hadi katikati, au umefunga kabisa juu. Anayezitazama tu anaweza kuzichanganya kwa miezi. Akiziandika, hata mara chache, mkono unalilazimisha jicho lisimame pale pale penye tofauti. Ndivyo ilivyo kwa 未 na 末, ambapo kinachozitenganisha ni mstari upi wa kulala ulio mrefu.

Utafiti wa Tan Li Hai na wenzake wa mwaka 2005, kwa watoto wa Beijing, ulionyesha kwamba ustadi wa kuandika unaambatana sana na uwezo wa kusoma. Mwaka 2011 Connie Guan, Charles Perfetti na wenzao waliwapima wanafunzi wa chuo kikuu Marekani waliokuwa wakijifunza Kichina: kuandika kwa mkono kuliimarisha utambuzi wa umbo na maana, na kuandika kwa pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, kulisaidia matamshi. Kwa mwanafunzi mtu mzima, utafiti huo wa pili ndio ningeutilia maanani zaidi.

Tena kuna maandishi ambayo bila kujua kuandika utahangaika nayo kweli: mwandiko wa watu. Kwenye barua, au kwenye bei zilizoandikwa haraka sokoni, mistari huunganishwa kwa kufuata utaratibu ule ule wa kuandika. Anayeujua utaratibu huo anaiona njia iliyopitwa na kalamu. Asiyeujua anaona mkorogo.

Dhana: Kila herufi ni mchoro mpya wa kukariri

Herufi nyingi zimeundwa kwa sehemu mbili, moja ikidokeza maana na nyingine sauti. Chukua 青, qing. Ongeza kipande cha maneno, upate 请, kuomba. Ongeza maji, 清, safi. Moyo, 情, hisia. Jua, 晴, anga lisilo na mawingu. Zote ni qing, ingawa toni hazilingani zote. Ukiandika qing kwenye simu, orodha inakuja na jicho linachagua kwa kuangalia kile kipande cha kushoto. Kwa hiyo jifunze kuandika vipande hivyo vizuri.

Uandike ngapi?

Viwango vya Kichina kwa wageni vilivyotolewa China mwaka 2021 vina orodha mbili: herufi 3,000 za kutambua na 1,200 za kuandika kwa mkono. Katika hatua ya mwanzo ni 900 za kutambua na 300 za kuandika. Zishike hizo 300 kwa kalamu, kwa utaratibu sahihi wa mistari. Baada ya hapo muda mwingi uende kwenye kusoma, na daftari litoke kila macho yanapochanganya herufi mbili.