Je, wajua kwa nini marisau magumu, zile punje za bunduki, huruka pamoja kuliko laini?

Pale Kibuye, Kisumu, nilimkuta fundi akisubu vizito vya nyavu. Alikuwa na jiko la makaa, sufuria mbili kuukuu na kalibu ya chuma ya kufungua na kufunga. Sufuria moja aliijaza madini ya risasi yaliyovuliwa kwenye ganda la nyaya nene za umeme. Nyingine ilikuwa na vile vyuma vidogo ambavyo hubanwa kwenye ukingo wa rimu tairi likibalansiwa. Kila kizito kilipoganda alikibwaga ndoo ya maji, kikalia chwaa. Nikanunua viwili, kimoja cha kila sufuria, maana nilitaka kujionea jambo ambalo wawindaji wa Marekani hulishughulikia sana.

Huko koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa anayefanana na mbweha, huvamia kondoo na ndama. Baadhi ya watu humwinda kwa bunduki ya marisau, yaani punje nyingi za risasi ndani ya ganda moja. Punje za kazi hiyo huwa na upana wa milimita 6 hivi au zaidi, na wapo wanaozisubu wenyewe. Wanachokitafuta ni ugumu. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na fisi akivamia boma anayeitwa ni KWS, shirika la wanyamapori. Lakini swali lenyewe ni la madini, na madini yapo hapa hapa Kibuye.

Ugumu una faida gani, ikiwa hata risasi laini inaua? Jibu liko ndani ya mtutu. Baruti ikiwaka, punje hutoka kwenye utulivu hadi mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde, na njia yote ya kupata mwendo huo haifiki mita 1. Ukipiga hesabu, kila punje inasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 8,000. Zile za nyuma ndizo zinazoumia, kwa sababu zinazisukuma zote zilizo mbele yake. Risasi tupu ni laini kama nta, hivyo zinabonyea. Iliyoingia ikiwa gololi inatoka ikiwa na bapa ubavuni.

Punje yenye bapa haikati hewa sawasawa. Inapunguza mwendo haraka, inapinda njia, inajitenga na wenzake. Iliyobaki mviringo inafuata mstari. Kwa hiyo marisau magumu hufika yakiwa kundi, na hili mimi naliona ni jambo la huruma pia: mnyama aliyepigwa na punje mbili zilizopotea njia haanguki, hukimbia na jeraha akafie mbali.

Dawa ya ulaini ni antimoni, madini ambayo tangu kale watu wameyasaga kuwa wanja wa macho. Asilimia chache tu zinatosha, na vile vyuma vya rimu huwa nayo. Na hapa ndipo panaponivutia kuliko pote. Mhunzi wa panga akichovya chuma chekundu majini, chuma kinakuwa kigumu papo hapo. Risasi yenye antimoni haiendi hivyo. Ikiwa bado ya moto, antimoni imesambaa na kujificha ndani ya risasi. Ikipoa polepole, antimoni hupata nafasi ya kujikusanya katika vipande vikubwa ambavyo havisaidii sana. Ikitumbukizwa majini ghafla, hunaswa pale pale ilipo. Kisha, kwa saa na siku zinazofuata, hujitenga taratibu katika chembe ndogo mno zilizotapakaa kila mahali, na chembe hizo huzuia tabaka za risasi zisiteleze moja juu ya nyingine. Kuteleza huko ndiko tunakokuita ulaini. Ndiyo maana msubuji mzoefu huyaweka kando marisau yake kwanza. Risasi tupu, kama ile ya nyaya, hata uichovye mara ngapi, haipati kitu.

Maji yana historia ndefu katika kazi hii. Mwaka 1782 William Watts, fundi bomba wa Bristol, Uingereza, alipata hataza ya kumwaga risasi iliyoyeyuka kupitia chujio kutoka juu. Matone yalijiviringa yenyewe hewani na kupozwa na maji chini. Njia hiyo hufaa punje ndogo. Kubwa huhitaji kalibu.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila shida, na urahisi huo ndio unaonitia hofu. Tone la maji likiingia kwenye sufuria ya risasi ya moto huwa mvuke mara moja na kuirusha usoni. Vumbi na moshi wake ni sumu isiyo na harufu ya kukuonya, na mtoto huumia kuliko mtu mzima. Owino Uhuru, kule Mombasa, ambako betri kuukuu ziliyeyushwa karibu na nyumba za watu, watoto walikutwa na risasi kwenye damu. Fundi wangu alifanya kazi bila barakoa, na chai yake ilikuwa karibu na jiko. Nilimwomba aisogeze.

Jioni ile nilikandamiza kisu kwenye vizito vyote viwili. Kile cha nyaya kiliingia kama sabuni, na kile cha rimu nacho kikakubali alama. Baada ya siku tano nikarudia kwa kisu kile kile. Cha nyaya kiliingia vile vile. Cha rimu kisu kiliteleza.