Je, Wajua Kwa Nini Maziwa ya Mbuzi Hugandishwa Kuwa Barafu Kabla ya Kutengenezwa Sabuni?

Maziwa ya mbuzi ni meupe pee. Mbuzi huigeuza rangi ya njano iliyomo kwenye majani kuwa vitamini A kabla haijafika kwenye kiwele, ndiyo maana hata siagi yake haina ule unjano tuliouzoea kwa ng'ombe. Sasa chukua maziwa hayo, yakiwa na uvuguvugu wa kukamuliwa, uyatie kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Kabla mkono haujachoka kukoroga yatakuwa ya njano, kisha rangi ya chungwa, kisha kahawia kama chai iliyosahauliwa jikoni, na harufu itakayopanda itakutoa machozi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa sabuni yangu ya kwanza. Nilifuata maelekezo ya sabuni ya kawaida hatua kwa hatua, nikabadili kitu kimoja tu: palipoandikwa maji, nikaweka maziwa. Baadaye nikaambiwa dawa yake ni kuyagandisha yawe barafu kwanza. Nilifanya hivyo, ikatoka nyeupe kama tui. Lakini kwa nini barafu? Mtu anaweza kufuata sharti hilo miaka kumi bila kujua sababu yake, na siku umeme ukikatika asijue afanye nini.

Tuanze na sabuni yenyewe. Mafuta yote ya kupikia, yawe ya nazi, mawese au alizeti, yameundwa kwa gliserini iliyoshikana na tindikali za mafuta. Kostiki soda ikiyaingia huvunja mshikano huo: sodiamu iliyomo ndani yake inajifunga na zile tindikali na kuwa sabuni, gliserini inabaki pembeni. Aliyeyafumbua haya ni mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha uchunguzi wake wa mafuta ya wanyama mwaka 1823. Viwanda vingi huitoa gliserini hiyo na kuiuza peke yake. Sabuni ya nyumbani hubaki nayo, na ndiyo sehemu kubwa ya ule ulaini watu wanaousifia.

Katika kazi hii maji hayana makuu. Yanayeyusha kostiki soda na kuifikisha kwenye mafuta, basi. Lakini kostiki soda ikikutana na maji hutoa joto kali mno. Mchanganyiko uliokuwa wa baridi unaweza kupita nyuzi 80 ndani ya dakika chache bila moto wowote chini yake. Maji safi hayana cha kuungua, yatapoa taratibu na utaendelea na kazi yako.

Maziwa yanacho cha kuungua. Karibu asilimia 87 ni maji, na kilichobaki ni mafuta, protini na sukari iitwayo laktosi. Sukari ikikutana na joto na kostiki soda kwa pamoja huvunjikavunjika, na vipande vyake huungana upya kuwa vitu vya rangi ya kahawia. Ni jamaa wa karibu wa kile kinachotokea ukichoma sukari kwenye kikaango, isipokuwa hapa kostiki soda huharakisha mambo, hivyo joto dogo zaidi linatosha. Protini nazo zinakatwakatwa na kutoa amonia, ndiyo ile harufu ya choo cha stendi iliyonitoa nje ya jiko. Wakati huohuo mafuta ya maziwa yanaanza kuwa sabuni mapema, kabla hujayapeleka kwa wenzake, na hapo ndipo unapoona mabonge.

Kwa hiyo adui ni joto. Sasa tazama barafu inavyofanya kazi. Watu wengi hudhani inasaidia kwa sababu tu ni ya baridi, lakini nguvu yake kubwa iko kwenye kuyeyuka. Gramu moja ya barafu, ili igeuke tu kuwa maji ya nyuzi 0, inameza joto ambalo lingetosha kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Kostiki soda inatoa joto, barafu inalimeza hapo hapo, na zaidi ya nusu ya joto lote linaishia kuyeyusha maziwa badala ya kuyaunguza. Maziwa yaliyotoka friji tu, bila kuganda, hayana uwezo huo hata yawe ya baridi kiasi gani.

Kwa kundi la kwanza, dogo, vipimo hivi vinatosha: mafuta ya nazi gramu 150, mawese yaliyosafishwa gramu 250, alizeti gramu 100, kostiki soda gramu 72, na maziwa gramu 160 yaliyogandishwa kwenye trei ya barafu. Zile 72 hazikuokotwa hewani. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki soda kinachoyageuza yote: gramu 1 ya nazi hutaka takribani 0.183, mawese 0.141, alizeti 0.135. Zidisha, jumlisha, utapata gramu 76 na ushee. Kisha punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kuguswa, yalinde ngozi na yawe akiba kama mizani imekosea kidogo. Ukibadili mafuta, piga hesabu upya. Na upime kwa mizani ya gramu. Kikombe na kijiko havifai hapa hata kidogo, kwa sababu kosa la vijiko viwili vya kostiki soda ni sabuni ya kuunguza ngozi.

Mambo mawili ya jikoni kwetu lazima niyaseme kwa herufi nzito. La kwanza ni sufuria. Nyingi tulizonazo ni za alumini, na kostiki soda huila alumini huku ikitoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Tumia chuma kisichoshika kutu au ndoo ngumu ya plastiki. La pili ni magadi. Magadi ya kulainishia maharage si kostiki soda, wala hayawezi kushika nafasi yake. Nguvu yake haitoshi kuvunja mafuta haya, utakoroga mpaka jioni. Vaa glavu, miwani ya kinga na nguo ya mikono mirefu, watoto wawe mbali, dirisha wazi. Kostiki soda ikikurukia, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au 20. Usijaribu kuipunguza nguvu ngozini kwa siki wala ndimu.

Weka chombo chenye vipande vya maziwa ndani ya beseni la maji ya barafu. Nyunyiza kostiki soda kijiko kwa kijiko juu ya maziwa, kamwe usimimine maziwa juu ya kostiki soda, na koroga kila mara mpaka chembe zipotee. Hii inaweza kuchukua dakika 15 au zaidi, na subira hapa ndiyo inayolipa. Maziwa yakianza kugeuka njano ya mahindi, simama, yaache yapoe, kisha endelea. Njano hafifu haina shida. Ukimaliza, chuja kwa chujio la plastiki, maana punje ya kostiki soda iliyojificha ndani ya bonge ikibaki kwenye kipande cha sabuni itakuja kumchoma mtu.

Upande wa pili mafuta yako yameyeyuka na yana nyuzi kama 35 hadi 40. Mchanganyiko wa maziwa usiwe wa baridi sana wakati huu, nyuzi 25 hadi 30 ni pazuri. Mawese huganda upesi, na ukiyamwagia kitu cha baridi yataganda yenyewe na kukudanganya kwamba sabuni imeshika, kumbe ni mafuta tu yamesimama. Mimina, koroga kwa blenda ya mkono ukiiwasha na kuizima. Sabuni imeshika kweli pale tone likidondoka linaacha alama juu kabla ya kuzama, kama uji wa ulezi unaoanza kuwa mzito. Hapo imimine kwenye kalibu.

Na hapa maziwa yanataka kinyume cha mazoea tena. Sabuni iliyotengenezwa kwa maji hufunikwa kwa blanketi ili itunze joto inalolitoa yenyewe. Hii ya maziwa usiifunike. Sukari ileile huifanya ichemke kwa ndani zaidi, katikati ikawa nyeusi, juu ikapasuka, wakati mwingine ikavimba na kumwagika. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mimi huiweka kwenye friji usiku kucha. Siku ya pili au ya tatu, bado na glavu mkononi, unaitoa na kuikata.

Halafu wiki 4 hadi 6 za kungoja, vipande vikiwa vimeachana mahali penye hewa. Kostiki soda humaliza sehemu kubwa ya kazi yake siku chache za kwanza. Wiki zinazofuata ni za maji kutoka na sabuni kukaza, isije ikayeyuka bafuni kwa siku tatu. Pwani wakati wa masika subiri zaidi, na usishtuke ukiikuta ina matone kama jasho: ni gliserini inavuta unyevu wa hewa. Watu huniuliza kama maziwa yaliyomo yataoza. Hayaozi, hali ya humo ni kali mno kwa bakteria na maji ni machache. Kinachochakaa kwanza ni mafuta yaliyobaki, ambayo hutoa madoa ya chungwa, na ndiyo sababu niliweka alizeti kidogo. Alizeti huchacha haraka kuliko nazi na mawese.

Sasa swali ambalo wauzaji hulipita haraka: mbuzi amebaki wapi humo ndani? Piga hesabu. Gramu 160 za maziwa zina kama gramu 7 za sukari na gramu 6 hivi za mafuta, ndani ya sabuni yenye mafuta nusu kilo. Sukari hiyo, kama kijiko kimoja na nusu cha chai, ndiyo iliyokusumbua kazi nzima, na ndiyo pia inayosaidia povu kuwa jingi. Kuna ladha ya historia katika yale mafuta: tindikali tatu zinazopatikana humo kwa wingi huitwa kaproiki, kapriliki na kapriki, majina yatokanayo na capra, neno la Kilatini la mbuzi, na ya kaproiki na kapriki yalitoka kwa Chevreul yuleyule. Kwa mbuzi ni takribani asilimia 15 ya mafuta ya maziwa, kwa ng'ombe hazifiki nusu ya hapo.

Lakini nasikitika ninaposoma kwenye pakiti kwamba sabuni hii ina kiwango sawa cha tindikali na ngozi. Haina. Ngozi iko karibu na pH 5 (pH ni kipimo cha tindikali: namba ikipanda, tindikali inapungua), maziwa ya mbuzi karibu 6.6, na sabuni yoyote ya kweli iliyotengenezwa kwa kostiki soda iko kati ya 9 na 10; ikishuka sana chini ya hapo inaacha kuwa sabuni. Ile tindikali ya maziwa wanayosema inachubua ngozi taratibu nayo haikunusurika, kostiki soda iliigeuza kuwa chumvi yake. Ni sabuni nzuri, laini, yenye povu la kunata, nami naipenda kwa moyo wote. Si dawa ya ukurutu, na mama mwenye mtoto mwenye ngozi inayopasuka anastahili kuambiwa hivyo kabla hajatoa hela yake.

Kwa walio kwenye mgao wa umeme, ukishajua adui ni joto njia nyingine inajifungua yenyewe: yeyusha gramu 72 za kostiki soda kwenye gramu 72 za maji baridi, acha ipoe kabisa, kisha gramu 88 zilizobaki katika zile 160 ziwe maziwa unayoyaweka kwenye mafuta, si kwenye kostiki soda. Joto kali limeshapita maziwa yanapofika. Maziwa yatakuwa machache, rangi itakuwa nzuri, na barafu haihitajiki.

Na ile yangu ya kwanza, ya kahawia? Vipimo vilikuwa sahihi, kwa hiyo ilikuwa sabuni kamili. Wiki ya tatu amonia ilikuwa imeshaondoka yote. Rangi haikurudi, tukaiogea hivyohivyo mpaka kipande cha mwisho.