Chuo kikuu kishiriki ni nini?

Chuo kikuu kishiriki kina majengo yake, wahadhiri wake na rasi wake (mkuu wa chuo), lakini shahada wanazotunukiwa wahitimu wake ni za chuo kikuu kingine kinachokilea. Seneti ya chuo hicho mama, yaani baraza lake la taaluma, ndiyo inayopitisha mitaala na matokeo ya mitihani. Kisichanganywe na ndaki, ambayo ni kitengo cha ndani tu cha chuo kikuu.

Hata Mlimani kwenyewe, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, palianza kwa kulelewa. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mlezi alikuwa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata kikahamia kilimani, ndipo likaja jina la Mlimani. Umoja huo ulivunjika mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake.

Baada ya hapo aliyelelewa akawa mlezi. Muhimbili, iliyoanza 1963 kama shule ya udaktari, ilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam mwaka 1991. Chuo cha Ardhi kikafuata 1996. Vyote viwili vikawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Morogoro mambo yalikwenda kwa njia ya mkato: kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiligeuzwa moja kwa moja kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, miezi michache baada ya kifo cha waziri mkuu Edward Sokoine.

Kwa nini serikali hupenda njia hii? Nadhani ni kwa sababu jina hujengwa polepole kuliko madarasa. Mwaka 2005, palipohitajika walimu wengi wa sekondari kwa haraka, iliyokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, na chuo cha ualimu Chang'ombe vilifanywa vyuo vikuu vishiriki, na wahitimu wao wakaingia kazini na cheti ambacho kila mwajiri anakijua.

Ndiyo maana daktari aliyesoma miaka yote Muhimbili na kuhitimu mwaka 2000 ana shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cheti chake si cha kughushi.