Mbwa kutafuna viti na sofa: tunavyodhani na ukweli ulivyo

Nilirudi nyumbani nikakuta mguu wa kiti umetafunwa mpaka rangi yote imetoka, mbao nyeupe inaonekana, chini yake vumbi la mbao limelowa mate, na hapo hapo kwenye kapeti kijino kimoja cheupe, kidogo kama punje ya mchele. Hasira zilikuwa zimeshanipanda, nimeshamwita mbwa wangu kwa sauti ile mbaya, ndo nikakiona hicho kijino. Yaani mtoto anang'oka meno na mimi nataka kumchapa. Tokea siku hiyo nikaanza kuchunguza yote niliyokuwa naambiwa kuhusu mbwa anayetafuna vitu vya ndani, na mengi sio kweli, mengine yanawaumiza mbwa bure kabisa.

"Anafanya makusudi, anakukomoa"

Hii ndo naisikia kuliko zote na ndo inaniuma zaidi, maana ndo inayofanya mbwa wachapwe. Umemwacha peke yake, umerudi, sofa ina shimo, na yeye kajikunja pembeni, masikio yamelala, mkia kauficha katikati ya miguu, hakuangalii usoni, basi unasema si mnaona, anajua alichokosa. Hajui. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha utafiti kuhusu huo uso tunaouita wa hatia, alitumia mbwa 14, wenye mbwa wakawakataza kula kitu kitamu halafu wakatoka chumbani, na wakirudi wakati mwingine waliambiwa mbwa kala kumbe hajala. Ikaonekana ule uso haufuati kama mbwa kakosa au hajakosa, unafuata kama mwenyewe kamgombeza. Hata ambaye hakugusa kitu akigombezwa anaufanya vile vile. Anachosoma pale ni wewe, sauti yako, ulivyosimama, unavyomjia, na anaomba amani.

Na kipigo cha baadae ndo hivyo hivyo. Mbwa anaunganisha adhabu na kile anachofanya sekunde hiyo hiyo, sasa kama sofa kaitafuna saa nne asubuhi na wewe unamchapa saa kumi na moja jioni, wakati huo alikuwa anafanya nini? Alikuwa anakupokea mlangoni. Kwa hiyo anajifunza kwamba ukirudi kuna kipigo, anaanza kukuogopa, na mbwa mwenye hofu anatafuna zaidi kwa sababu kutafuna kunamtuliza. Unamchapa ili aache, unamuongezea sababu.

Ukimkuta meno yake yapo kwenye kiti kabisa, mwite kwa sauti ya kawaida tu, mpe kitu chake cha kutafuna, akikishika msifie hapo hapo usingoje. Na usimpokonye kwa nguvu. Ukimpokonya kila siku anajifunza kukimbia nacho, au kukimeza haraka usije ukakichukua, au siku moja anakung'ata. Badilishana nae, mletee kipande cha kitu anachokipenda zaidi aachie mwenyewe.

"Ni meno tu, akikua ataacha"

Nusu kweli. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, yanaanza kung'oka akiwa na miezi 3 au 4 hivi, na akifika miezi 6 au 7 kwa kawaida anakuwa na yote 42 ya ukubwani. Kipindi hicho fizi zinamuuma na chochote kigumu kidogo kinampa nafuu, mguu wa meza, egemeo la kiti, kona ya kabati. Chukua kitambaa safi, kilowanishe, kisokote, kigandishe kwenye friza halafu mpe ukiwa karibu, ukiona kinaanza kuchanika kichukue. Wangu alikuwa akipewa hicho analala nacho kabisa kati ya miguu ya mbele, analamba na kubana taratibu macho yanafumba.

Shida ni kwamba meno yakishaota watu wanajiachia, wanarudisha viatu sebuleni, wanaacha milango wazi, kumbe kuna duru ya pili. Mbwa kijana, kuanzia hapo mpaka karibu mwaka mmoja na nusu, wengine miaka 2, anatafuna tena na safari hii taya zina nguvu. Na hata mkubwa kabisa ana haja ya kutafuna, ni sehemu ya ubwa wake. Kumzuia asitafune kabisa haiwezekani, unachoweza ni kuamua atafune nini. Ndo maana mi nasema kwanza punguza nafasi ya kukosea, waya na chaja ziinue juu maana hizo zinaunguza mdomo na zinaua, funga chumba chenye kochi usipokuwepo au weka kigeti kama cha watoto, halafu vitu vyake viwe vingi ila usivitoe vyote siku moja. Vingine vifiche siku kadhaa, ukivirudisha anavishangaa kama vipya.

"Mpe kiatu cha zamani atosheke nacho"

Hapana. Yeye hajui cha zamani na kipya, vyote vina harufu yako na vyote ni ngozi. Hivyo hivyo mto uliochakaa na kapeti kuukuu.

"Paka pilipili"

Usifanye hivi jamani. Pilipili inaingia machoni, puani, mbwa anajipangusa na makucha na anazidi kuumia, na kama kuna mtoto mdogo ndani nae atashika. Zipo dawa za kupuliza zenye uchungu zimetengenezwa kwa kazi hii hii, kwa mbwa wengine zinasaidia, wengine wanalamba kama hakuna kitu. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana isije ikatia doa, rudia mara kwa mara, na uwe umempa kitu kingine maana ukifunga mguu mmoja wa kiti tu atahamia wa pili.

"Mpe mfupa, mbwa ni mfupa"

Mfupa uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha, vinachoma koo na utumbo. Na ule mgumu sana unavunja meno, hasa yale makubwa ya juu pembeni. Kipimo rahisi, bonyeza kitu kwa ukucha wa dole gumba, kama hakibonyei hata kidogo ni kigumu mno. Mpira imara wenye tundu ukajaza chakula chake ndani ni bora zaidi, anahangaika nao na akili inafanya kazi.

"Mkimbize achoke, ataacha"

Mazoezi yanasaidia sana, ila mbwa aliyechoka miguu na akili bado inataka kazi atatafuna tu. Dakika kumi na tano za kunusa taratibu unapotembea nae, umwache anuse kila kichaka anachotaka, mara nyingi zinamtuliza kuliko kumrushia mpira mpaka anahema.

Na kuna wale ambao hata uwakimbize vipi haisaidii. Angalia ametafuna wapi. Kama ni fremu ya mlango, kizingiti, sehemu za dirisha, na inatokea ukitoka tu, pengine ndani ya nusu saa ya kwanza, majirani wanasema analia, unakuta sakafu ina mate mengi au kakojoa wakati sio kawaida yake, huyo anaogopa kubaki peke yake na anajaribu kutoka. Acha simu inarekodi uone mwenyewe. Huyu ukimfungia kwenye banda dogo au kumfunga mdomo unamtesa, anaweza kuvunja meno na kucha akijaribu kutoka. Anazoeshwa kidogo kidogo, unatoka sekunde chache unarudi kabla hajaanza kuhangaika, unaongeza taratibu, na wengine wanahitaji daktari wa mifugo kabisa kwa sababu ni ugonjwa wa hofu.

"Akimeza sponji litatoka lenyewe"

Vipande vidogo mara nyingi vinatoka, ila sponji, kitambaa na nyuzi vinaweza kuziba utumbo. Akianza kutapika, kukataa chakula, kujikamua bila kupata choo, amelegea, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo usisubiri kesho. Ukiona uzi unaning'inia nyuma usiuvute, na usimnyweshe chumvi ili atapike. Mi sasa nikikuta mto umechanwa kitu cha kwanza napiga magoti, nakusanya vipande vyote navipanga sakafuni kama vilivyokuwa, nione kama vinatimia, hasara ya kochi naiangalia baadae.