Kidole kikikataa, kura haijapotea

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, Lamu utasikia: "Mashine ikikataa kidole, huna kura." Si kweli. Mashine hiyo ni KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume ya uchaguzi ya Kenya kilichoanza kutumika 2017; hukutambua kwa alama za vidole, na baadaye hutuma picha ya fomu 34A ya matokeo. Kura zenyewe ni karatasi, zinahesabiwa kwa mkono palepale kituoni.

Vidole vya mvuvi aliyezoea kamba na chumvi, au vya fundi wa chokaa, huwa vimelika mistari. Nawa, kausha vizuri, jaribu kidole kingine. Kikigoma tena, karani huingiza nambari ya kitambulisho, jina lako litokee, kisha fomu 32A, ya waliotambuliwa bila alama za vidole, hujazwa mbele ya mawakala wa vyama na wagombea. Usitoke foleni! Kinachorudisha watu nyumbani ni kuja na fotokopi ya kitambulisho.