Je wajua? Bakteria wa chunusi ameshakutwa ndani ya diski za mgongo

Miaka mingi nilikuwa naamini diski ya mgongo inachakaa kama soli ya kiatu, unabeba mizigo, inalika, basi. Na nikisikia mtu anasema "diski imechomoka" nilikuwa naona kisahani kimeteleza kati ya pingili. Hakitelezi kitu. Diski imeshikana na mifupa ya juu na chini kwa nguvu sana, ila ukuta wake wa nje unaweza kuchanika, ule uteute wa katikati ukavimba nje ukabana mshipa wa fahamu. Hata hiyo mizigo tumeisingizia mno, maana tafiti za mapacha kule Finland zilionyesha urithi unachangia kuchakaa kwa diski kuliko kazi nzito.

Sasa huo mchaniko ndio wenye mambo. Mwaka 2001 madaktari Uingereza walipanda maabara vipande vya diski vya wagonjwa 36 wa sayatika, yale maumivu ya mgongo yanayoshuka mpaka mguuni, 19 vikaota bakteria, na wengi walikuwa yule yule wa chunusi, Cutibacterium acnes. Anaota taratibu sana, sahani ya maabara anamooteshwa ikitupwa baada ya siku mbili tatu hutamwona.

Kwa nini akae huko? Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Chukua mtungi wa udongo, hauna bomba wala tundu la kuonekana lakini ukiugusa nje una unyevu, maji yamejipenyeza yenyewe. Chakula na oksijeni vinaingia kwenye diski hivyo hivyo, vinachuja kupitia bamba jembamba linalopakana na mfupa, kwa hiyo katikati oksijeni ni kidogo mno na kinga ya mwili inafika kwa shida, na bakteria huyu ndio mazingira anayoyataka, hata kwenye ngozi anakaa chini kabisa kwenye vitundu vya vinyweleo. Inadhaniwa ukuta ukichanika, vimishipa vya damu vinaota kuelekea kwenye jeraha naye anapenya humo, maana hata kupiga mswaki kunaweza kuingiza bakteria kidogo kwenye damu. Akishatulia, bado ni dhana hiyo hiyo, anatoa asidi, na mtungi unapitisha pande zote, asidi inachuja mpaka kwenye mfupa wa jirani, nao unavimba. Uvimbe wa namna hiyo ukionekana kwenye MRI, kipimo cha picha za ndani ya mwili, unaitwa Modic aina ya 1.

Ila kuna ubishi wa haki kabisa: bakteria huyu yuko kwenye ngozi zetu sote, na kisu cha upasuaji kinapita ngozini kwanza, huenda ndicho kilichombeba. Mwaka 2017 watafiti waliangalia tishu za diski kwa hadubini wakamkuta amejikusanya kwenye utando aliojijengea mwenyewe, kitu ambacho aliyedondokea pale dakika chache zilizopita hawezi kukijenga, na mimi hapo ndipo nilipoanza kushawishika.

Dawa je? Denmark 2013 wagonjwa 162 wenye Modic aina ya 1 waligawanywa, wengine wakapewa antibayotiki siku 100, wengine vidonge visivyo na dawa, na waliopewa dawa walipata nafuu kubwa. Norway wakarudia kwa amoksilini na watu 180, majibu yakatoka 2019, tofauti ikawa ndogo mno. Kwa hiyo tafadhali usiende duka la dawa kununua amoksilini ya mgongo. Lakini mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda ni habari nyingine, nenda hospitali mapema, inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo au brusela, ugonjwa wa bakteria unaopatikana kwa kunywa maziwa mabichi, na hizo zina dawa inayojulikana.