Meya, Manispaa na Jiji: Tunayoyaamini Kigoma, na Ukweli Wake

Kaa kijiweni Mwanga jioni, au panda daladala ya Ujiji, utasikia mji wetu ukijadiliwa kwa hasira. Hasira hiyo ni ya haki. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi inamwangukia mtu asiye na uwezo wa kurekebisha lolote, huku mwenye uwezo akipita pembeni bila kuulizwa.

Dhana: Meya ndiye bosi wa mji.

Wananchi hatumchagui meya. Tunachagua diwani wa kata, kisha madiwani humchagua mwenzao mmoja aongoze vikao vya baraza. Kazi za kila siku, yaani malipo, mikataba na watumishi, ziko chini ya mkurugenzi, naye huteuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya pia ni mteule wa Rais, ila yeye ni wa serikali kuu. London wanampigia kura meya wao moja kwa moja tangu mwaka 2000, kwa hiyo anayefuatilia habari za huko anaweza kudhani meya wetu ana nguvu zilezile. Hana.

Lakini msilidharau baraza. Bajeti ya halmashauri hupita mikononi mwa madiwani, na sheria ndogo za ushuru zinaanzia palepale. Vikao vyake viko wazi kwa wananchi, na ningependa kuona viti vya nyuma vimejaa.

Dhana: Barabara mbovu na bomba kavu ni uzembe wa diwani.

Kwenye kikao kimoja cha mtaa mzee mmoja alisimama, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akasema: "Mheshimiwa, kidaraja kile umetuahidi mwaka jana, na watoto bado wanavuka maji kwa miguu." Diwani akajibu: "Mzee wangu, barua nimeshapeleka TARURA." Watu wakaguna, wakaona anakwepa. Kumbe alikuwa anasema kweli.

Tangu 2017 barabara za mitaa zimetoka mikononi mwa halmashauri na kwenda kwa TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia serikali za mitaa. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji ya bomba hapa mjini ni ya KUWASA, umeme ni wa TANESCO. Hata kodi ya jengo, ambayo kwa miji mingi duniani ni nguzo ya mapato, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU unaponunua umeme, na inaingia serikali kuu kwanza. Halmashauri imebaki na ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa huduma na vyanzo vingine vidogo vidogo. Diwani anaweza na anapaswa kusukuma, tena kwa nguvu. Ila ukitaka kidaraja, meneja wa TARURA wa wilaya naye aalikwe kwenye kikao, ajibu mbele ya wazee.

Dhana: Tukipandishwa hadhi kuwa jiji, hela zitakuja.

Hii ndiyo naisikia zaidi, Kigoma na hata Tabora. Ukweli ni kwamba mji, manispaa na jiji zote zinaongozwa na sheria ileile ya mamlaka za miji ya mwaka 1982. Vyanzo vya mapato ni karibu vilevile. Bango la "Jiji" halileti mfanyabiashara mpya Kibirizi wala halizibui mtaro Buzebazeba.

Tazameni Dar es Salaam, mkoa wa watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022. Mwaka 1972 serikali ilianza mfumo wa Madaraka Mikoani, na halmashauri zilizochaguliwa zikafutwa. Huduma za miji zikadorora, na halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, ikawekwa tume. Ilipofika 2000 zikawepo manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake Jiji la kuratibu mambo ya pamoja kama dampo la Pugu na kituo cha mabasi cha Ubungo. Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Februari 2021 lile Jiji la juu likavunjwa, na manispaa ya Ilala ikapewa jina la Jiji la Dar es Salaam. Aliyelala Temeke hakuamka na mtaro mpya kwa sababu hiyo.

Na sisi huku mwisho wa reli tulipata lami nyingi kupitia Mradi wa Miji ya Kimkakati, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2010, tukiwa manispaa tu. Dodoma nayo ilikuwemo kabla ya kuwa na hadhi ya jiji, na Mtwara ilikuwemo ikiwa manispaa.

Dhana: Dawa ni kuunganisha halmashauri ziwe moja kubwa.

Kuunganisha peke yake hakumalizi manung'uniko. Toronto, Canada, iliunganisha manispaa sita mwaka 1998, ingawa wakazi wengi walikuwa wamepiga kura ya kukataa. Na sisi tuna muungano wetu: Kigoma na Ujiji. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 uzito wa biashara ukahama, na mpaka leo watu wa Ujiji wanahisi wameachwa nyuma ndani ya halmashauri ileile.

Dhana: Mji unaishia kwenye mpaka wa manispaa.

Nenda Gungu, endelea na barabara mpaka Mwandiga. Watu wanalala Mwandiga, wanafanya kazi Mwanga. Lakini Mwandiga iko Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, yenye mkurugenzi wake, madiwani wake na bajeti yake. Viwanja vinapimwa na ofisi mbili tofauti, na maji ya mvua hayaulizi mpaka. Kwangu mimi hapa ndipo pa kuanzia mageuzi: kamati ya pamoja ya halmashauri hizi mbili, TARURA na KUWASA wakiwemo, ikae juu ya ramani moja ya barabara, mitaro na dampo kabla nyumba hazijaziba njia zote. Dar es Salaam walichelewa, na leo wanalipa fidia ili kupitisha barabara. Kati ya Gungu na Mwandiga nafasi bado ipo.